Kutia Rangi na Kuziba Mawano ya Mishale: Rangi Isikutoke Mikononi, Mti Usipinde

Wanaotengeneza mishale ya mti huniletea malalamiko matatu, na hayabadiliki. La kwanza: rangi ilikuwa nzuri mpaka vanishi ilipopakwa, ndipo ikachuruzika na kuchafua manyoya na vidole. La pili: vanishi bado inanata siku ya nne. La tatu: mawano yaliyonyooka Januari yamepinda masika. Wengi hulaumu mti, wengine hulaumu duka. Nikiwauliza walivyofanya kazi, karibu kila mara nakuta waliruka hatua, au walichanganya vitu viwili visivyopatana.

Wano, kwa asiyelizoea neno hili, ni uti wa mshale: mti wenyewe, kabla ya kuvikwa chembe (kichwa cha mshale) mbele na manyoya nyuma. Mwongozo huu unahusu wano tu, na mishale ninayoizungumzia ni ya kulenga shabaha.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa rangi

Viweke vyote mezani kwanza. Ukianza kupaka halafu ukakumbuka kwamba huna kitambaa, rangi itakauka kwa mabaka.

- Mawano yaliyokwisha kuchongwa. Ukitaka mishale 12, andaa 14, maana mengine utayakataa.
- Vipande viwili vitatu vya mti uleule, vya majaribio. Usiviache.
- Msasa namba 150, 240 na 320.
- Rangi ya mti ya unga, ya kuyeyushwa kwa maji au kwa spiriti.
- Spiriti ya mafundi, na tapentaini ya kuzimulia vanishi.
- Shelaki ya magamba (utomvu mkavu wa kuzibia na kung'arishia mti), au vanishi ya mafuta, au zote mbili.
- Fulana kuukuu za pamba, zilizofuliwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa kiganja.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na barakoa ya vumbi.
- Kamba ya nguo na vibanio vyake, iliyofungwa kivulini mahali penye hewa.
- Utepe wa karatasi wa mafundi rangi, ule unaobanduka bila kuacha gundi.
- Mizani ndogo inayosoma nusu gramu. Si lazima, ila utaishukuru.

Spiriti na tapentaini hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake husafiri. Jiko, sigara na mshumaa vikae mbali. Spiriti ya mafundi ni sumu ikinywewa, kwa hiyo usiimimine kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano, hasa kama kuna watoto nyumbani.

## Amua kwanza: rangi ipi, na juu yake nini

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ningependa usome sehemu hii mara mbili.

Rangi ya mti huingia ndani ya mti ikiwa imeyeyuka kwenye kimiminika, kisha kimiminika kinaruka na rangi inabaki. Kimiminika kilekile kikirudi juu yake, rangi inayeyuka upya na kuanza kutembea. Shelaki huyeyushwa kwa spiriti. Basi ukipaka shelaki juu ya rangi ya spiriti, umeirudishia rangi yako kinywaji chake. Kitambaa kitageuka chekundu, mistari itaingiliana, na baadhi ya rangi itabaki inaelea ndani ya shelaki yenyewe, ikisubiri jasho la mkono wako.

Mimi niliwahi kuharibu mishale kumi na miwili kwa njia hii. Nilikuwa nimeivika manyoya meupe, na baada ya siku moja uwanjani yote yalikuwa na madoa ya waridi kwenye mashina. Rangi haikuwa mbovu, wala shelaki haikuwa mbovu. Havikupaswa kukutana.

Kwa hiyo shika hivi. Rangi ya maji inapokea shelaki vizuri, na inapokea vanishi ya mafuta vizuri pia, mradi maji yamekauka kabisa. Rangi ya spiriti izibwe kwa vanishi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini. Usiitie shelaki kwa kitambaa, wala usiitie sila na laka (vanishi zinazokauka upesi) zinazozimuliwa kwa tina (kiyeyusho cha mafundi rangi), kwa sababu tina nayo huyeyusha rangi nyingi za spiriti.

Ukiniuliza mimi, anayeanza atumie rangi ya maji. Hukauka polepole, inakupa muda wa kurekebisha, na haikufungi kwenye aina moja ya vanishi. Ubaya wake ni kwamba husimamisha vinyweleo vya mti, na hilo lina dawa katika hatua ya tatu.

Kuhusu rangi za nyumbani: manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza sana, lakini hupauka upesi juani, na mshale ni kitu cha juani. Rangi za unga za kutia ukindu zinashika mti bila taabu, ila nazo hutofautiana. Weka kipande cha majaribio dirishani wiki mbili, nusu yake ukiwa umeifunika kwa karatasi, uone tofauti kabla hujaamua.

Nyeusi ninayoiamini natengeneza mwenyewe. Chukua misumari ya chuma isiyo na mabati, ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta, itumbukize kwenye siki nyeupe, uiache siku nne au tano. Usikaze kifuniko, kwa sababu chuma kikiliwa na siki hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Chuja kwa kitambaa. Paka wano chai ya rangi iliyokolea sana, isiyo na sukari, iache ikauke, kisha pitisha maji ya chuma juu yake. Mti utageuka kijivu, halafu mweusi, ukiwa unautazama. Chai inahitajika kwa sababu paini haina ukali wa kutosha wa kushikana na chuma. Hii ni rangi ya maji, na masharti ni yaleyale.

## Hatua ya 1: Kagua na unyooshe

Pitisha jicho kutoka ncha moja hadi nyingine, kama unavyokagua ubao. Kisha liviringishe wano kwenye kioo au meza iliyo sawa, lililopinda litarukaruka.

Fuata nyuzi za mti. Zikikimbia kutoka ncha hadi ncha, vizuri. Zikitoka pembeni kabla ya kufika mwisho, hapo ndipo mshale utakapovunjika, na ukivunjika wakati upote (kamba ya upinde) unaachiwa, kibanzi kinaweza kuingia mkononi. Vaa miwani, shika ncha zote mbili, pinda kidogo kila upande mbali na uso wako. Ukisikia mlio wowote wa kukwaruza au kupasuka, kata wano hilo likawe vipande vya majaribio. Rangi haiponyi mti.

Palipopinda, pashia joto juu ya mkaa usio na ndimi za moto huku ukizungusha, nyoosha kwa kiganja, shikilia mpaka lipoe. Fanya sasa. Ukisubiri mpaka vanishi iwepo, joto litaitoa malengelenge.

Mawano yakae chumbani utakamofanyia kazi kwa wiki moja au mbili kabla ya hatua inayofuata. Mti uliotoka bohari lenye unyevu, ukifungiwa vanishi hapohapo, utaendelea kutafuta kituo chake ukiwa chini ya vanishi, na huko utapinda.

Umefaulu ikiwa: wano linaviringika bila kurukaruka na halitoi mlio likipindwa.

## Hatua ya 2: Piga msasa kwa kufuata nyuzi

Anza na namba 150 kuondoa alama za randa, kisha 240. Piga kwa urefu wa mti. Ukizungusha wano ndani ya msasa, hata kwa mashine, utaacha pete ndogo ndogo zisizoonekana sasa. Rangi itaingia kwenye hizo pete na kuzionyesha zote.

Usivuke 240 kabla ya rangi. Mti uliong'arishwa sana hufunga vitundu vyake na kukataa rangi, unabaki na weupe wa mabaka.

Mwanzi una jambo lake. Ngozi yake ya nje ina nta na haipokei rangi. Ikwangue kwa kisu mpaka mng'ao uondoke, bila kula nyuzi za chini yake, maana nguvu ya mwanzi iko hapo nje.

Umefaulu ikiwa: ukilielekeza wano kwenye mwanga wa pembeni huoni mkwaruzo wowote wa kukatiza.

## Hatua ya 3: Simamisha vinyweleo kabla rangi haijavisimamisha

Lowesha kitambaa kwa maji, kikamue, futa wano lote mara moja. Liache likauke kabisa, saa tatu hadi kutwa nzima kulingana na hewa. Ukilipapasa sasa litakuwa na manyoya kama shavu lisilonyolewa. Pitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi, mara mbili tatu tu, kukata hivyo vinyweleo.

Anayeiruka hatua hii hupaka rangi ya maji, vinyweleo vinasimama, anapiga msasa kuvilainisha, na msasa unaondoka na rangi yake. Anapaka tena. Nimewaona watu wakizunguka hapo mara tatu na kukata tamaa. Kwa rangi ya spiriti vinyweleo ni vichache, lakini mimi hulowesha hata hivyo.

## Hatua ya 4: Rangi

Kwa rangi ya maji ya unga, anza na kijiko kimoja cha chai kwa robo lita ya maji ya moto. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Maji ya kisima yenye chumvi au chuma yanaweza kubadilisha rangi, hasa kwenye mti mkali. Koroga, acha ipoe, chuja kwa kipande cha soksi ya nailoni. Punje moja isiyoyeyuka itakuachia mstari mwekundu kuanzia manyoya hadi chembe.

Jaribu kwenye kipande kwanza, na kipande hicho ukipake vanishi pia. Rangi ikiwa kavu huonekana imefifia kama vumbi. Vanishi ndiyo inayoiamsha. Wengi hukoleza kupita kiasi kwa kuhukumu rangi kavu.

Vaa glavu. Chovya kitambaa, kikamue kiasi, kizungushie wano na ulivute kutoka nyuma kwenda mbele kwa mwendo mmoja. Zungusha kidogo, vuta tena. Usisimame katikati. Paini hunywa rangi bila usawa: sehemu laini inakunywa, pete ngumu inakataa. Dawa yake ni rangi nyepesi iliyopakwa mara tatu, na kukauka baina yake. Rangi nzito ya mara moja ndiyo inayoleta mabaka.

Ncha zote mbili hunywa kuliko mbavu, kwa kuwa hapo mifereji ya mti imekatwa wazi. Zipitie na kitambaa kilichokaribia kukauka, ama sivyo zitakuwa nyeusi.

Sehemu ya mbele ambapo chembe kitavishwa, izungushie utepe wa karatasi tangu sasa. Hapo gundi inataka mti mtupu.

Tundika kwa kibanio, ncha moja juu, kivulini. Jua moja kwa moja hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na kukupindia kazi ya hatua ya kwanza.

## Hatua ya 5: Futa mpaka kitambaa kitoke safi

Subiri usiku mzima kwa rangi ya maji. Mwambao wakati wa masika, subiri siku mbili. Kisha chukua kitambaa kikavu cheupe, bana wano, vuta kwa nguvu. Kitatoka na rangi. Chukua upande mwingine, vuta tena. Rangi hiyo ni ile isiyoingia, iliyolala juu ya mti kama vumbi, na hakuna vanishi itakayoishikilia.

Umefaulu ikiwa: kitambaa cheupe kinabaki cheupe. Usiende mbele kabla ya hapo, hata kama ni saa nne usiku na mashindano ni Jumamosi.

## Hatua ya 6: Mkono wa kwanza (tabaka la kwanza) wa kuziba

Mti hupumua unyevu kwa kila upande. Hakuna vanishi inayouzuia kabisa. Kazi yake ni kuuchelewesha na kuufanya uingie sawasawa, ili upande mmoja usivimbe kabla ya mwingine. Ndiyo maana sehemu moja uliyoisahau hudhuru kuliko wano lote kuwa na mkono mmoja mwembamba.

Ukitumia shelaki: yeyusha gramu 30 za magamba kwa robo lita ya spiriti, ndani ya chupa ya kioo. Iache usiku kucha, ukiitikisa mara kwa mara. Nta itatua chini. Mimina kwenye chupa nyingine kile kilicho juu, kisicho na ukungu, kwa sababu vanishi zingine hazishiki vizuri juu ya nta. Andika tarehe. Shelaki iliyoyeyushwa ikikaa miezi mingi hupoteza uwezo wa kukauka, na hapo ndipo malalamiko mengi ya kunata yanapoanzia. Tone moja kwenye kioo litakuambia: likiwa bado laini kesho yake, imwage.

Paka kwa kitambaa kilicholowa nusu, mwendo mmoja, usirudi nyuma. Baada ya saa moja hivi unaweza kupaka tena. Epuka siku ya mvua na saa za magharibi: spiriti ikiruka hupoza mti, unyevu wa hewani unatua juu yake, na shelaki inapiga weupe kama ukungu wa kioo. Asubuhi, jua likishapanda, ndiyo saa yake.

Ukitumia vanishi ya mafuta: mkono wa kwanza uzimue nusu kwa nusu na tapentaini ili uingie ndani. Paka, subiri dakika kumi, kisha futa yote isiyoingia. Watu huogopa kufuta, wanaona wanapoteza vanishi. Lakini vanishi nene hukauka ngozi ya juu tu, chini inabaki mbichi, na hewa haifiki tena.

Mtiki una mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi. Ufute kwanza kwa kitambaa chenye tina, upake mara unapokauka. Kama utautia rangi ya spiriti, futa hivyo kabla ya rangi, si baada.

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivifinyange na kuvitupa pipani. Vinapokauka hutoa joto, na vikiwa vimekunjwa vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

## Hatua ya 7: Ncha ya nyuma

Kama mkato wa upote umeuchonga kwenye mti wenyewe, hapa ndipo maji huingia na hapa ndipo mshale hupasuka. Chukua brashi nyembamba, tia vanishi ndani ya mkato na kwenye ncha yote. Baada ya dakika tano utakuta imenyweka yote. Tia tena, na tena, mpaka ibaki juu. Uzi uliozungushiwa chini ya mkato kuzuia mpasuko nao ulowe vanishi.

Ukivisha kishikio cha upote cha plastiki badala ya mkato, acha ncha ya wano iliyochongwa kama koni bila vanishi ili gundi ishike.

## Hatua ya 8: Mikono inayofuata

Vanishi ya mafuta inataka angalau saa 24 kati ya mkono na mkono, na mwambao mara nyingi zaidi. Usiamini kidole. Pitisha msasa 320 mahali padogo: ukitoa unga mweupe, imekauka; ukitoa vijipande vinavyoviringika na kuganda kwenye msasa, rudisha wano kwenye kamba.

Piga msasa kidogo sana kati ya mikono, kuondoa vumbi lililoganda. Mkono wa kwanza ni mwembamba na msasa mzito utafika kwenye rangi. Mkono wa pili na wa tatu uzimue sehemu tatu za vanishi kwa moja ya tapentaini. Mitatu inatosha. Aliyeanza kwa shelaki, mikono miwili ya vanishi juu yake itaikinga, kwa kuwa shelaki pekee huogopa joto na maji yanayokaa.

Kila wano lipate idadi ileile ya mikono, halafu lipime. Yanayopishana zaidi ya nusu gramu hivi usiyaweke podo (mfuko wa mishale) moja. Vanishi nene kwenye mawili matatu ndiyo huwa chanzo cha mishale inayoanguka chini ya wenzake bila sababu inayoonekana.

## Majaribio ya mwisho, kabla ya manyoya

Acha mawano wiki nzima yakiwa yananing'inia. Kisha yafanyie haya matatu:

1. Tone la maji. Liache dakika kumi, lifute. Lisiache doa wala kusimamisha vinyweleo.
2. Kitambaa cheupe chenye unyevu, ukisugua mara ishirini. Kisibadilike.
3. Gundi ya manyoya, kwenye kipande cha majaribio kilichopakwa vilevile. Gundi zingine hulainisha vanishi. Unyoya ukivutwa unapaswa kuchanika wenyewe. Ukibanduka na ngozi ya vanishi, ama vanishi haijakomaa, ama gundi haipatani nayo.

Sehemu ya manyoya ikwaruze kwa 320 kidogo kuondoa mng'ao. Nta ya kung'arishia usiiguse mpaka manyoya yawe yameshikana, maana gundi haishiki juu yake.

Toa utepe wa mbele, gundisha chembe. Gundi ya moto ikitumika, pasha chembe, si wano. Kikishapoa, zungusha vanishi kwa brashi pale chembe kinapokutana na mti. Hiyo pete nyembamba ndiyo njia ya maji inayosahaulika kuliko zote.

Ukiwa uwanjani, wano likichubuka hadi mti ukaonekana, lifute udongo, likauke, kisha paka tone la vanishi jioni ileile, kabla mshale haujarudi kwenye podo.